Hodi Iliyomo Kwenye Santuri

Mama yangu alikuja Sydney kumlea mzazi. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wetu wa kwanza, na daktari alimkataza kunyanyua kitu chochote kizito kuliko mtoto mwenyewe. Mama alishuka uwanja wa ndege na begi moja la nguo zake na jingine la unga wa uji, khanga na dawa za majani ambazo maofisa wa forodha walizichukua zote huku akiwatazama kama watu wanaojikosesha baraka.

Tulikuwa tunapanga Granville, kitongoji cha Sydney, katika nyumba ndogo iliyojengwa mgongoni mwa nyumba kubwa ya mzee mmoja Mwaustralia. Wenyeji wana jina lao kwa nyumba za namna hiyo. Mama hakulihitaji. Alisimama chini ya mndimu, akaitazama, akasema, "Kumbe na Wazungu wana banda la uani." Tangu siku hiyo na sisi tukaliita banda.

Banda lilikuwa na chumba kimoja cha kulala, jiko na sebule vilivyoungana, na mlango mmoja tu. Ukuta wa sebule ulikuwa ndio huohuo ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa, mwembamba, wa zile karatasi ngumu za saruji walizojengea watu wa zamani. Mwenye nyumba akikohoa tulisikia. Na mtoto akilia yeye naye alisikia, ingawa hakuwahi kulalamika. Hakuwa mtu wa maneno. Mke wake alikuwa amefariki kabla hatujahamia, binti yake alikaa mbali milimani, na njia yake ya kutusalimu ilikuwa kutuachia ndimu kwenye kizingiti.

Jambo la kwanza lililomsumbua mama ni ukimya wa mlango. Kwao Muheza nyumba yenye mtoto mchanga haipumziki. Huyu kaleta kuku, huyu kaja kuona kama mtoto kafanana na babu yake, huyu hana alichokuja nacho wala anachokitaka, amekuja tu. Hapa siku zilipita bila mtu kubisha.

"Watu wa huku hawana miguu?" aliniuliza.

"Wako kazini, mama."

"Wote?"

Mimi pia nilikuwa kazini. Nilikuwa mwandishi wa habari wa redio kule Tanga, na hapa nilikuwa napanga shehena katika ghala moja la Smithfield, zamu ya alfajiri, nikirudi nyumbani alasiri. Kazi ya zamani ilikuwa imeniachia tabia moja: jambo likitokea sipumziki mpaka nijue nani, wapi, lini, na nani mwingine aliyeshuhudia.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Sydney jua huzama saa kumi na moja jioni. Mama alilichukulia hilo kama dharau. "Nchi gani hii, magharibi inaingia watu hawajanywa chai?" Kwake magharibi ni saa ya kuwa ndani. Watoto huingizwa, nguo za mtoto mchanga hazibaki kambani, na maji ya moto hayamwagwi nje bila kutoa taarifa. Yeye ni Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo na kwaya.

Jioni ya kwanza ya mambo haya mama alikuwa anamwogesha mtoto katika beseni sakafuni. Alimwita "mume wangu," kama bibi wa kwetu amwitavyo mjukuu wa kiume, na alikuwa akimweleza makosa yake.

"Mume gani huyu, hana kazi, hana meno, na bado ananikojolea?"

"Na bado unampenda kuliko Baba," mke wangu akasema kutoka kwenye kochi. Yeye ni Mkenya, muuguzi, mtu wa Nairobi.

"Baba yenu alikuwa na meno akayatumia vibaya."

Tulikuwa tunacheka. Nadhani ndiyo sababu mimi sikusikia kitu. Mama aliinua uso, akatazama mlango, akaita kwa sauti yake ya kwaya: "Karibu!"

Akangoja. "Karibu, pita ndani, mlango haujafungwa!"

Nilikwenda kufungua. Uani palikuwa na kamba ya nguo, mapipa ya taka na mndimu. Juu, popo wakubwa wa Parramatta, mji jirani, walikuwa wameanza safari yao, mmoja mmoja, kimya, wakipita kama vitambaa vyeusi vilivyoponyoka kamba ya mtu. Hapakuwa na mtu.

"Kaondoka," mama akasema. "Umechelewa kufungua."

Kesho yake, saa ileile, alisikia tena, na safari hii hata mke wangu alisikia: ngo, ngo, ngo. Mama akasema karibu. Nikafungua. Mapipa, mndimu, popo.

"Mum, hizo ni paipu," mke wangu akasema. "Hizi nyumba ni za kitambo. Maji moto ikipita zinagonga."

"Bomba linagonga, sawa. Lakini bomba haligongi mara tatu halafu likangoja."

Nilichoona mimi, na ambacho sikukisema, ni kwamba mtoto wakati ule alinyamaza. Alikuwa analia kwa sabuni, na kabla mama hajasema karibu alikatisha kilio, akageuza kichwa kuelekea mlango. Nikajiambia watoto wa umri ule hutazama mwanga, na mlango ulikuwa na kioo.

Jioni ya tatu mama alifungua kinywa kuitika, akajiziba kwa kiganja kilichojaa povu. Kisha akasema polepole, "Mimi nimemkaribisha nani?"

Nilimwelewa mara moja, maana nimekulia mikononi mwake. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Hilo kila mtoto wa kwetu anafundishwa. Lakini hodi ni jambo jingine. Hodi huijibu kabla hujafikiri, kama unavyopangusa jasho. Mama alikuwa amekaa majuma mawili akiitamani hodi, na ilipokuja aliikaribisha kwa moyo wote, magharibi, katika nyumba yenye mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Na aliyekaribishwa hakuonekana kuingia wala kuondoka.

"Akiingia mtu ukamwona, unajua amekaa wapi," alisema. "Huyu amekaa wapi?"

Hakuna kati yetu aliyetazama viti.

Kuanzia siku iliyofuata mama alifanya alichoona ni cha busara. Ilipokaribia saa kumi na moja alimfunga mtoto khanga mbili na blanketi, akamweka kwenye kigari, akatoka naye kwenye baridi mpaka madukani karibu na stesheni. Alikaa katika duka la mikate la Mlebanoni, ambaye alimzoea na kumpa chai, na hakurudi mpaka giza liwe limekamilika na saa ile imepita. Mke wangu hakuweza kumfuata kwa sababu ya mshono. Mimi niliwafuata nikimwomba arudi, na alinijibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira.

"Mtoto huyu hatakaa mle ndani saa ile. Mkinizuia, nikatieni tiketi nirudi. Siwezi kukaa niangalie."

Baada ya siku chache mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu mzima anayetaka kuingia kwenye mazungumzo. Mke wangu alimsikiliza kifua kwa sikio lake na kwa chombo chake cha kazini, akasema bado ni salama, lakini haiwezekani atolewe nje kwenye baridi ile tena. Mama akasema haiwezekani abaki ndani. Wanawake wawili wanaopendana walisimama pande mbili za kigari kila mmoja ameshika mpini.

"Mum, please. Kifua."

"Mwanangu, kifua kina dawa."

Begi la mama lilikuwa limefungwa karibu na mlango. Kama angeondoka, mke wangu angebaki na mshono na mtoto mgonjwa kutwa nzima, peke yake, mimi nikiwa Smithfield. Nikawaomba wanipe siku moja.

Ili nipate kutwa nzima, nilibadilishana zamu na mwenzangu, Mkongo mmoja aliyefika Australia kupitia kambi za wakimbizi, ambaye niliposema naibadilisha kwa sababu ya hodi, hakucheka. "Juu ya ile, kaka, enda tu," alisema. Mke wangu na mtoto wakachukuliwa kwa gari na rafiki yake, mama akiwa nao. Nikabaki peke yangu, na nikaanza na mambo ya wazi. Nilifungulia mabomba yote ya maji moto. Yalinguruma, hayakugonga. Nilikagua mndimu kama kuna tawi linalofika mlangoni. Halikufika. Ilipokaribia saa yenyewe nilisimama nje, hatua moja kutoka mlangoni, nikiutazama.

Hakuna mkono uliougusa. Hilo naweza kulisema bila shaka. Lakini nilisikia muziki, kwa mbali, na muziki ulitoka nyumba kubwa. Nikaingia ndani, nikabandika sikio ukutani.

Gitaa lenye nyuzi nyingi, likipigwa kama maji yanayomwagika juu ya mabati. Sauti ya mwanamke, nyembamba, isiyo na haraka. Nyuma yao fidla iliyosikika kinyumenyume, ikianza na mwisho wa sauti na kumalizia na mwanzo, na chini ya yote mvumo mmoja usiobadilika. Wimbo ulipanda, ulipanda, kisha ukakatika wote kwa pamoja. Kimya. Nikahesabu pumzi zangu. Halafu, ndani ya ukuta, karibu kabisa na shavu langu: ngo, ngo, ngo.

Kimya tena. Kikingoja.

Kisha yule mwanamke akaendelea kuimba kama vile hakuna aliyebisha.

Nimefanya kazi miaka ya kutosha kujua furaha ya mwandishi aliyepata chanzo chake. Nilizunguka nyumba nikaenda kugonga mlango wa jikoni wa mzee. Alichukua muda mrefu kufungua, na alipofungua uso wake ulikuwa umepauka.

"Ni wewe," alisema.

"Samahani, ni muziki tu. Huo wimbo."

"Ni kelele? Naweza kupunguza." Kisha, kabla sijajibu, akauliza, "Kuna mwanamke kwenu anayesema neno. Kariba. Karibu. Hilo ni neno?"

Nikamwambia ni mama yangu, na ndiyo, ni neno. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Alinieleza kwamba alikuwa ameusikia ukuta unajibu. Siku ya kwanza alidhani ni redio ya mtu. Siku ya pili alijua sivyo, maana jibu lilikuja palepale, ndani ya kimya cha wimbo. Siku ya tatu alikaa akingoja sauti, na sauti haikuja, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Hakumwambia binti yake. "Ningemwambia, angenitafutia nyumba ya wazee kabla ya Jumatatu."

Akanionyesha santuri. Nilikuwa sijaishika santuri tangu utotoni, na sikukumbuka kwamba ni nzito. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati vijana wa Kizungu walipochukua nyimbo za kale za vijijini wakazitia umeme, bangi na ndoto. Sasa watu wanaiita ya kihistoria na wakusanyaji huitafuta kwa udi na uvumba. Mzee aliniomba nisitaje jina la kundi, wala sitalitaja. Jaladani palikuwa na picha ya watu wanne kwenye malisho, imechapwa kwa rangi zilizogeuzwa: majani mekundu, mbingu ya kahawia, nyuso za kijani zisizo na macho bali madoa meupe. Herufi zilikuwa zimevimba na kuchuruzika kama samli. Mmoja wa wale wa kijani, aliyeketi nyuma na nywele hadi mabegani, ndiye aliyekuwa amekaa mbele yangu. Alikuwa mpiga ngoma.

"Kimya kile tulikipanga," alisema. "Kubisha hatukupanga."

Walikuwa wanarekodi wimbo wa mwisho katika ukumbi wa mbao uliokodishwa, taa nyekundu ikiwaka nje kuonya watu wasiingie. Mke wake alikuwa amekuja kwa treni na sufuria ya mchuzi, maana mume alikuwa hajala tangu asubuhi. Alifika wakati hasa kundi zima limenyamaza. Akadhani wamemaliza. Akabisha mara tatu. Mpiga ngoma alimjua kwa namna alivyobisha, lakini mkanda ulikuwa unazunguka, hakuthubutu kuinuka. Mwimbaji akaendelea. Walipousikiliza baadaye wakaona pigo limeangukia mahali pake kuliko chochote walichokipiga wao siku ile, wakaliacha.

"Wachambuzi waliandika kurasa na kurasa," mzee akasema. "Kwamba ni kifo kinabisha. Kwamba ni vita vya wakati ule. Alikuwa mke wangu na mchuzi."

"Mlimfungulia?"

"Tulipofungua alikuwa ameshaondoka. Sufuria ilikuwa kizingitini, imepoa." Akaigeuza santuri mikononi mwake. "Maisha yake yote alinitania kwa hilo. Alisema, nilibisha na dunia nzima ikanisikia, isipokuwa wewe."

Nikamuuliza kwa nini anaipiga kila siku saa ileile. Alikuwa ameitoa sandukuni juma lililopita, alisema, na hiyo ndiyo saa mke wake aliyokuwa akirudi kutoka kazini. Hawakuwa watu wa kujirekodi. Hakuwa na sauti yake popote, wala kwenye simu. Alikuwa na hodi tatu.

Kabla ya kulala, kwa tabia yangu, niliitafuta albamu hiyo kwenye simu. Ilikuwepo, imesafishwa, inang'aa. Nilisikiliza wimbo wa mwisho mpaka kwenye kimya. Kilikuwa kimya kitupu. Nikarudia. Hakukuwa na hodi. Nilipomuuliza mzee kesho yake, alisema ndiyo, mafundi waliotengeneza matoleo ya baadaye walidhani ni kasoro wakaifuta. Hodi imo kwenye toleo la kwanza tu. Mke wake aliposikia hilo alicheka mpaka akakaa chini: sasa na dunia nayo imenifungia.

Nikarudi kwa mama na habari kamili, imepangwa toka mwanzo hadi mwisho. Nilimweleza santuri, ukuta, kimya, mchuzi. Mke wangu alishusha pumzi kwa nguvu. "Si nilisema kuna explanation?" Mama alisikiliza yote, mtoto akiwa kifuani mwake anakohoa. Nilipomaliza aliniuliza swali moja, lile ambalo mhariri mzuri angeniuliza.

"Huyo aliyebisha yuko hai?"

"Amefariki, mama. Kabla hatujahamia."

"Basi," akasema, "ni kama nilivyosema."

Nilianza kumweleza mashine inavyohifadhi sauti. Nilikuwa mtu wa redio, niliijua kazi hiyo. Akaniinulia kiganja.

"Najua santuri, baba. Baba yako alikuwa nayo kabla hujazaliwa. Nakuuliza hivi: huyo mwanamke anambishia nani?"

"Mume wake."

"Na mume wake anaitika?"

Nikafikiri. Ukutani nilisikia hodi, nikasikia kimya, nikasikia mwimbaji. Mzee sikumsikia.

"Haitiki. Anasikiliza."

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mkewe anambishia hodi kila siku ya Mungu, anakaa kimya? Halafu pembeni kuna mpumbavu mmoja wa Muheza anasema karibu, pita ndani, mlango haujafungwa! Wewe ungekwenda wapi? Mgeni huingia kwa aliyemwitikia."

Nilimwona mke wangu akitazama kiti cha pembeni, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu jioni ile, na hatukuwa tumekubaliana tusikikalie.

"Si mtu mbaya," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni mtu aliyepotea mlango. Kakaa humu wiki nzima hajapewa hata maji. Aibu yangu hiyo. Na mgeni hafukuzwi. Husindikizwa."

Alitaka jioni moja tu. Mtoto angekaa ndani, mama yake amempakata, mlango ukiwa wazi kwa dakika zile chache. Baada ya hapo, kama hali ni ileile, yeye angepanda ndege na sisi tungefanya tunavyoona. Mke wangu alikubali kwa kichwa. Nadhani alikubali kwa ajili ya kifua cha mtoto. Yeye anasema sivyo.

Nilimwendea mzee. Sikumwambia habari za kiti wala maji. Nilimwambia tu kwamba kesho mama yangu angependa kuja kugonga mlango wake wimbo ukiwa unapigwa, na kwamba kwetu ni vizuri mtu akibisha aitikiwe. "Kwa lile neno?" aliuliza. Nikasema neno lolote. Akauliza maana yake tena, nikamwambia: ingia, na pia, sogea.

Siku hiyo mama alifagia banda lote. Alivaa gauni lake la kanisani. Juu ya meza aliweka glasi ya maji imefunikwa kisahani, akakivuta kile kiti kidogo, kama unavyomvutia mtu. Muziki ulianza upande wa pili, na sasa kwa kuwa tuliujua tuliusikia wote: gitaa, mwanamke, fidla inayorudi nyuma. Nje popo walikuwa wameanza. Wimbo ulikatika.

Ngo, ngo, ngo.

"Karibu," mama akasema, si kwa sauti ya kwaya, bali taratibu, kama kwa mtu aliye karibu. Mtoto alinyamaza mikononi mwa mke wangu.

Mama alikaa akikabili kiti. Alikaa kwa heshima, mikono mapajani. Kisha akaanza kusema, naye hakuwa anajua kama aliyemsikiliza anajua Kiswahili.

"Pole na safari, mama mwenzangu. Nilikuitikia mimi, usinilaumu, kwetu hodi haiachwi. Lakini hapa si kwako. Kwako ni hapo tu, mlango wa pili. Mwenyewe yupo, anakusubiri, ila hajui kuitika. Wanaume. Haya, kunywa maji, nikusindikize."

Akainuka. Akatupia khanga begani, akafungua mlango, na hapo akafanya kitu ambacho sijakisahau: alijibana ukutani, akarudisha gauni lake nyuma, akampisha mtu atangulie. Mtoto aligeuza kichwa polepole, toka kwenye kiti, hadi mezani, hadi mlangoni. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu iliyoacha alama.

Nilimfuata mama kwa nyuma. Alizunguka nyumba kwa mwendo wa anayemsubiri mwenzake, akipita pembeni mwa njia, akiiacha nafasi upande wa kulia. Kwenye mlango wa jikoni alibisha mara tatu na kusema, "Hodi!" Ndani mwimbaji alikuwa anamalizia wimbo. Hakuna aliyeitika. Nilisikia sindano ikifika mwisho, ikikwaruza palepale, ikirudia, ikirudia.

Kiti kikalia kwa kusukumwa. Nyayo zikaja. Mlango ukafunguliwa.

Mzee alikuwa amevaa shati safi. Mama yangu alikuwa amesimama mbele yake kabisa, mwanamke mnene mwenye gauni la bluu, huwezi kuacha kumwona. Mzee hakumtazama. Alitazama kidogo kulia kwake, kwenye ile nafasi, na kwa usawa wa uso wa mtu mfupi kuliko mama.

"Karibu," alisema. Alilitamka vibaya, na alilitamka kwa uangalifu mkubwa. Akarudi nyuma kupisha.

Mama hakuingia. "Mimi sikuja," alisema kwa Kiswahili. "Nimesindikiza tu." Akanigeukia, akanisukuma bega ili nitangulie, na tukarudi uani bila kugeuka nyuma, kwa kuwa hakuniruhusu.

Maji kwenye glasi yalikuwa palepale, usawa uleule. Nilikagua, sijui kwa nini. Mama akayamwaga kwenye mizizi ya mndimu, akaosha glasi, akafungua begi lake na kuning'iniza nguo zake kabatini. Jioni zilizofuata mtoto alikaa ndani, akaogeshwa saa yake, na kikohozi kikaisha kama vikohozi vinavyoisha. Hodi haikuacha kusikika. Ila baada yake, kutoka ng'ambo ya ukuta, ilikuja sauti ya mzee, nzito, yenye lafudhi yake: "Karibu." Mama aliendelea kupaka mafuta bila kuinua uso. Tulizoea, kama mtu anavyozoea treni.

Jioni moja ya Agosti mambo yalikuwa tofauti kidogo. Binti wa mzee alikuwa amekuja asubuhi kumchukua akakae naye milimani mpaka mwisho wa wiki. Nilimsaidia mzee kubeba begi. Nilimwona akifunga mlango wa mbele, na mwenyewe nilijaribu ule wa jikoni, kwa ombi lake, kuhakikisha umefungwa. Taa zilikuwa zimezimwa. Mashine ya santuri mzee alikuwa ameichomoa ukutani, kwa kuogopa moto. Aliniambia hivyo bila kuulizwa.

Saa kumi na moja mama alikuwa anamwogesha mtoto katika beseni, akimlaumu kwa kunenepa bila ruhusa. Mimi nilikuwa nimeshika taulo. Mke wangu alikuwa kwenye kile kiti cha pembeni, ambacho siku hizi tulikikalia.

Ngo, ngo, ngo.

Haikuwa mlangoni kwetu. Ilitoka upande wa pili, mbali kidogo, mahali ulipo mlango wa jikoni. Kisha kimya, kile kinachongoja.

Mke wangu alinitazama. Nilitazama ukuta. Mtoto alikuwa ameacha kupiga maji, amegeuza kichwa.

Mama alichota maji kwa kiganja, akayamimina taratibu juu ya bega la mjukuu wake.

"Si kwetu hiyo," alisema. "Lete taulo."